Chini ya Mkonga wa Loisi

Ukitaka kumkasirisha Loisi siku hizi, mwambie tu kwamba gari lake lilikuwa zuri kwa nje. Wapo waliomwambia hivyo kwa nia njema, wakimpa pole, na wakaondoka bila kumaliza chai.

Miaka yote ya utu uzima wake aliendesha magari ya watu. Aliajiriwa udereva na idara moja ya serikali pale Dodoma, wakati ambapo mwanamke kushika usukani wa Landkruza lilikuwa jambo la kuwasimamisha watu barabarani wakodoe macho. Akastaafu akiwa ndiye dereva ambaye wakubwa walimwomba kwa jina kila walipokuwa na safari ya vijijini wakati wa mvua. Aliwavusha makorongo ya Kondoa, aliwavusha matope ya Kiteto. Aliwafungulia milango, akawabebea mabegi, akawasubiri nje ya vikao huku wao wakila wali na kuku ndani, naye akitafuna hindi la kuchoma akiwa ameegemea boneti. Hakulalamika. Lakini alikuwa na jambo lake moja moyoni, na alilisema wazi kwa kila aliyemuuliza atafanya nini akistaafu. Wenzake walisema watafuga kuku, watalima zabibu, watajenga vyumba vya kupangisha. Loisi alisema, "Nitaendesha gari langu. Nitakwenda nitakako, nitambeba nimtakaye, na hakuna mtu atakayegonga kioo aniambie, Mama Devota, washa gari tuondoke."

Hicho ndicho alichokitaka duniani, na si kikubwa. Kiinua mgongo kilipotoka, akaanza kutafuta gari.

Sasa hapa inabidi nieleze ugonjwa mmoja wa madereva wa ofisi, maana usipoujua utadhani Loisi ni mjinga, na Loisi si mjinga. Dereva anapomkabidhi mwenzake gari, mpokeaji hulizunguka mara moja. Ataangalia matairi, taa na vioo. Atafungua boneti apime oili na maji. Atauliza kama jeki ipo na spea ipo. Kisha atanyoosha mkono apokee funguo, na mwenye kukabidhi atasema, "Gari iko sawa," basi, mambo yamekwisha. Kuinama uchungulie chini ya gari, mwenzako akiwa amesimama pale pale, ni kumwambia usoni kwamba amelipigiza kwenye jiwe na anakuficha. Pale idarani alikuwepo mmoja, Anthony, aliyewahi kuinama. Hakuona kitu, akajifuta magoti, akachukua funguo. Tangu siku hiyo aliitwa Mkaguzi mpaka anahamishwa mkoa, na siku za nyama choma hakuna aliyemsogezea sahani.

Tena huku kwetu nyanda za kati, chuma hakina adui. Bati linakaa juu ya nyumba mpaka mwenye nyumba anazeeka. Jembe la kukokotwa na ng'ombe unaliacha uani kiangazi kizima, unalikuta vile vile. Kutu tunaijua kwa jina tu, kama tunavyomjua papa.

Muuzaji alikuwa Cornel. Huyu Cornel waliendesha pamoja miaka mingi, wakalala pamoja kwenye magari yaliyokwama, wakagawana maji ya chupa moja. Aliacha kazi mapema akaenda pwani kutafuta maisha, na aliporudi alikuwa na kitambi na biashara ya kununua na kuuza magari. Aliposikia Loisi anatafuta, akampigia simu mwenyewe.

"Mama Devota, usihangaike na madalali. Nina mkonga hapa, nimeuweka kwa ajili ya mtu ninayemheshimu."

Mkonga ni ile Landkruza ngumu ya shamba, yenye bomba la hewa lililopandishwa pembeni mwa kioo cha mbele mpaka juu ya paa, ili gari livuke maji bila injini kunywa. Loisi alikuwa ameendesha ya namna hiyo nusu ya maisha yake. Aliposikia neno lile moyo ukamruka.

Cornel akaliendesha mpaka nyumbani kwa Loisi, mtaa wa Miyuji pale mjini. Lilikuwa jeupe pe, limepigwa rangi mpya, viti vimeshonwa upya. Hata ndani ya matao ya matairi na kwa chini lilikuwa limepakwa lami nyeusi inayong'aa, na Loisi alipoiona ile lami kwa jicho la pembeni aliipenda. Alidhani ni matunzo.

"Lilikuwa la mzee mmoja wa Singida," Cornel akasema. "Kanisani, shambani, kanisani. Halijawahi kutoka nje ya mkoa."

Loisi akazunguka mara moja. Akapiga matairi teke. Akafungua boneti, akachomoa kijiti cha oili, akakifuta kwa vidole viwili na kunusa. Akawasha injini, akaisikiliza huku amefumba macho. Ilikuwa nzuri kweli, na hilo hata leo halikatai. Kisha akasimama mbele ya Cornel, akanyoosha mkono.

Cornel hakumpa funguo papo hapo. Alisimama nazo kidoleni, kimya, anamtazama. Loisi akafikiri anaona uchungu kuachana na gari.

"Gari iko sawa?"

"Gari iko sawa, Mama Devota."

Bei sitaitaja. Inaniuma hata mimi niliyekuwa mbali.

Jumamosi iliyofuata Loisi alilipeleka kwao Mlali. Hakupita njia ya mkato. Alipita barabara kuu polepole, dirisha wazi, kiwiko nje. Kijijini walilizunguka kama bibi harusi. Mchungaji akaliombea, akaweka mkono juu ya boneti mpaka likamuunguza akautoa kabla ya amina. Shangazi yake, Zipora, mwanamke mwenye ulimi mkali kuliko wote katika ukoo ule, alipanda kiti cha mbele bila kukaribishwa, akafunga mkanda, akasema, "Sasa nikifa sitabebwa kwa trekta." Watu wakacheka. Loisi alicheka mpaka machozi yakamtoka, na hakuwa na haja ya kuyaficha. Alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuwa nayo tangu alipomzaa Devota.

Wiki chache alilifaidi. Aliwapeleka wanakwaya Kongwa, akawachukua wagonjwa, akawapitisha akina mama waliotoka mnadani na kuku wao. Hakuna aliyemwambia awashe gari. Aliwasha alipotaka.

Kisha ukatokea msiba Gulwe, binamu yao upande wa baba, na watu wa Mlali wakapanda mkonga. Shangazi Zipora alikaa mbele, nyuma wakabanana wanawake na masufuria yao, na Yotham mzee wa kanisa akashikilia shada la maua mapajani. Walipita Mpwapwa vizuri. Karibu na Gulwe kuna korongo la mchanga linalokatiza njia, halina maji kiangazi, lina kingo mbili tu za kushuka na kupanda. Loisi alikuwa amelivuka mara zisizohesabika. Alipunguza gia, akashuka taratibu kama inavyotakiwa, akaanza kupanda ng'ambo.

Kikasikika kishindo chini ya miguu yao, kah! Usukani ukamvuta kushoto kwa nguvu ya ajabu. Sehemu ya nyuma ikazama, ya mbele ikainuka, na bodi likalia kama kuni zinazopasuliwa. Loisi hakukanyaga breki kwa pupa kama ambavyo wengi wangefanya. Aliachia mafuta, akaukumbatia usukani, akaliacha gari lirudi lenyewe mpaka likalala ubavu dhidi ya ukingo wa mchanga. Lingepinduka, wangekufa watu. Halikupinduka kwa sababu ya mikono yake. Lakini Shangazi Zipora alirushwa kwenye mlango, mfupa wa bega ukavunjika, na masufuria yakawachana wawili nyuma.

Sasa sikiliza jambo linalochoma. Pale msibani, watu wakiwa wamekaa kwenye mikeka, Loisi alipita na beseni la maji akawasikia. "Amezeeka. Alikuwa dereva, lakini amezeeka." Na mwingine akaongeza, "Mwanamke akishastaafu apumzike. Ametumbukia korongoni kweupe." Hata Yotham, aliyekuwa ndani ya gari na maua yake, aligeukia upande mwingine.

Miaka yote ile hajamkwaruza hata mbuzi, na jina lake likaishia kwenye mchanga wa Gulwe. Loisi aliweka beseni chini. Hakujibu, maana ni msibani. Lakini tangu dakika ile hasira haikumtoka.

Walilivuta kwa trekta, na lori lililokuwa likirudi tupu mjini likalibeba hadi Miyuji, kwenye gereji ya Batholomeo. Batholomeo ni fundi mzuri mwenye tabia mbaya mbili: anapenda kukatiza watu maneno, na kila tatizo analiona linaweza kufichwa. Akalipandisha mkonga juu ya mawe, akaingia chini na tochi.

"Mama, njoo uone."

Ndipo Loisi, kwa mara ya kwanza tangu alinunue, akalala chali chini ya gari lake.

Chesisi ni uti wa mgongo wa gari la namna hii. Ni mihimili miwili ya chuma inayotoka mbele hadi nyuma, na kila kitu kimekaa juu yake, injini, bodi, watu. Mhimili wa kushoto ulikuwa umekatika karibu na ekseli ya nyuma. Batholomeo akauchokonoa kwa bisibisi pale palipokatika. Bisibisi ikaingia mpaka mpini. Akagonga kwa nyundo mahali palipoonekana pazima, chini ya ile lami inayong'aa, na nyundo ikatoboa. Magamba ya kutu yakamwagika usoni mwao, mekundu, makubwa kama maganda ya muhogo. Chini ya lami palikuwa na vitambaa vilivyolowekwa gundi, vimekandikwa, vimesuguliwa vikawa laini kama chuma. Na ndani ya uwazi wa mhimili kulikuwa na mchanga mweupe mwembamba ambao haupo popote nyanda hizi. Katikati ya mchanga, Loisi akaokota kitu kidogo kigumu akakisogeza kwenye tochi.

Kilikuwa kipande cha kombe la baharini.

"Singida wana bahari tangu lini?" Batholomeo akauliza.

Loisi aliweka ulimi kwenye ule mchanga, akautema. Chumvi. Gari lile lilifanya kazi mashamba ya chumvi, au kuvuta boti ufukweni, liliogelea maji ya bahari miaka na miaka, likaozeshwa mpaka mfupa, kisha mtu akakaa chini akalivika vitambaa na lami kwa mikono yake mwenyewe, kwa subira, akijua. Hilo la subira ndilo lililomtia wazimu. Wizi wa haraka unaeleweka. Mtu kaona pochi, kachukua. Huyu alikaa siku nzima akipaka.

"Lakini usikate tamaa," Batholomeo akasema akijifuta uso. "Naweza kuchomelea vipande vya bati nene, nikapaka lami tena, halafu tukam..."

"Halafu tukamuuzie nani?"

Batholomeo akazima tochi.

"Sema! Halafu tukamuuzie nani?"

"Mama, mimi nimesema tu."

Simu ya Cornel haikupokelewa. Asubuhi haikupokelewa, jioni ilizimwa. Polisi kijana mmoja mwenye adabu alimwambia, "Shikamoo mama. Ulilikagua kabla ya kununua?" na Loisi akaondoka pale kabla hajasema neno ambalo lingemlaza ndani yeye badala ya Cornel.

Ila Cornel alisahau jambo moja. Madereva wastaafu wa Dodoma wana umoja wao, naye yumo ingawa aliacha mapema, na umoja ule una desturi. Mmoja akifa, wenzake ndio wanaoendesha msafara. Anayeheshimika kuliko wote huendesha gari la jeneza, wengine hufuata nyuma taa zikiwaka, mpaka kijijini kwao marehemu hata kama ni Bukoba. Kila mmoja wao, hata mlevi, anajua atasindikizwa. Wana kundi lao kwenye simu, na Loisi hakuwa mtu wa kuandika. Aliweka picha ya chesisi, akaweka picha ya kombe, kisha akabonyeza kitufe cha sauti akazungumza akiwa amesimama uani, na jirani zake wote walimsikia bila simu.

"Cornel. Umeniuzia jeneza nikawapakia ndugu zangu. Shangazi yangu amevunjika bega. Watu wanasema nimezeeka. Najua uko humu, najua unasikiliza. Na mimi nakuuliza mbele ya wenzetu wote: siku yako ikifika, nani kati yetu atakuendesha? Maana mimi siendi. Na atakayekwenda, asinisalimie."

Kisha wakaanza kujibu mmoja mmoja, watu waliokuwa hawajaandika kitu tangu Pasaka. Mimi siendi. Mimi siendi. Hata Anthony aliyehamishwa mkoa alijitokeza: Mimi siendi, na nyinyi mlinicheka.

Kesho yake kabla ya saa sita Cornel alikuwa gerejini Miyuji, amevaa kofia, bahasha nene chini ya kwapa.

Hakusalimiwa. Loisi alikuwa amekaa kwenye tairi kuukuu, mikono imepakatwa, na Batholomeo akajifanya ana kazi ya kufungua boliti ambayo ilikwisha kufunguliwa.

"Mama Devota, umenidhalilisha," Cornel akaanza.

"Mimi nimekudhalilisha wewe?"

"Ungenipigia tungeongea kikubwa."

"Nilikupigia mpaka simu ikaniambia mteja hapatikani! Cornel, ulilala na mimi Kiteto kwenye matope. Nilikupa blanketi langu. Ulikuwa unajua kilichoko chini ya gari hili?"

Cornel akatazama chini, akatazama mkonga, akavua kofia. Kisha akasema jambo ambalo nadhani alidhani litamwokoa.

"Nilijua. Lakini nikwambie ukweli wa Mungu. Siku ile nilikuletea gari, nikasimama na funguo mkononi. Unakumbuka? Nilisimama. Nilikuwa nasubiri uiname. Ungeinama tu, Mama Devota, ningekwambia kila kitu na bei ningeshusha. Hukuinama."

Hata Batholomeo aliacha boliti yake.

Kuna hasira ya kuibiwa, na kuna hasira ya kuambiwa kwamba mlango uliopitiwa na mwizi ni heshima yako. Mtu huyu alijua kwamba hatainama. Alijua kwa sababu gani hatainama. Alisimama pale na ile desturi yao mkononi kama kamba ya mtego, akamtazama anakuja, akamtazama anapita juu yake, na sasa anataka ashukuriwe kwa kusubiri.

"Sikuinama kwa sababu ni wewe," akasema. Sauti ilikuwa ndogo na ilitisha kuliko kelele. "Angekuwa dalali wa barabarani ningelala chali. Sikuinama kwa sababu ni wewe, mbwa we."

"Nimekosa," Cornel akasema. "Nimekosa, ndiyo maana nimekuja. Hela zako hizi hapa, zote, sijapunguza hata kidogo. Nipe kadi ya gari na funguo, nilichukue gari langu, uwaambie wenzetu yamekwisha."

Akaweka bahasha juu ya boneti.

Ilikuwa haki, na ilikuwa imekuja yenyewe kwa miguu yake. Loisi alitazama bahasha ile na kwa mara ya kwanza tangu Gulwe pumzi ikamshuka vizuri. Ndani yake kulikuwa na gari jingine. Gari zima, ambalo angelilalia chini kwa saa nzima hata kama muuzaji ni askofu. Angerudi Mlali, dirisha wazi, na wale wa kwenye mkeka wangemeza maneno yao. Akaingiza mkono kwenye mkoba, akatoa kadi na funguo. Cornel akanyoosha mkono.

"Utalifanyia nini?" Loisi akauliza. Aliuliza tu, kama mtu anavyouliza habari za nyumbani.

"Usijali, halitakupita tena machoni. Nitalichomelea kidogo, nipake. Nina mteja tayari."

"Mteja yupi?"

"Kuna mzee huko kwenu Mpwapwa ndanindani, Filipo nani sijui, ameuza mifugo yake. Anataka gari la kubebea watu wa mnadani. Wala hatasumbua." Cornel akatabasamu, mtu aliyekwisha kusamehewa. "Wale hawajui gari, Mama Devota. Wanajua ng'ombe tu."

Loisi akarudisha mkono wake.

Baba yake alijua ng'ombe tu. Hakujua kusoma, hakujua gari. Na alipompeleka mnadani ng'ombe mwenye kikohozi alisimama naye jua zima akimwambia kila aliyekuja, huyu anakohoa, huyu anakohoa, mpaka Loisi akiwa binti mdogo akaona aibu akataka kumziba mdomo. Walirudi naye nyumbani jioni. Wakamchinja wenyewe.

"Acha hela hapa," akasema, "na gari likatwe. Sasa hivi, mbele yako."

Cornel akacheka, kisha akaona si mzaha. "Nikulipe na gari nilikate? Hasara yote niibebe mimi? Hapana, mama. Ama unanipa gari, ama nachukua hela zangu. Chagua."

"Nichague."

"Chagua, na usiwe mtoto. Ukibaki nalo utalifanya nini? Huwezi kuliendesha, na kwa jinsi ninavyokujua huwezi kuliuza. Mzee Filipo humjui hata sura!"

Hilo lilikuwa kweli, hakumjua hata sura. Alijua tu atakavyolizunguka gari mara moja, akipiga matairi teke kwa sababu ameona wengine wakipiga. Nyuma watapanda wanawake na kuku wao, vijana wataning'inia, na litashuka kwenye makorongo yale yale, ila safari hii usukani hautakuwa na mikono yake.

Loisi akachukua bahasha juu ya boneti. Ilikuwa nzito. Akaishika kidogo zaidi ya ilivyohitajika, hilo lazima niliseme, yeye si malaika. Kisha akamtupia Cornel kifuani.

"Batho! Washa gesi."

"Mama, tukae kwanza tufi..."

"Washa gesi nimekwambia! Namba ya chesisi iko upande wa kulia, karibu na tairi la mbele. Anza hapo. Kata kipande chenye namba unipe mkononi, halafu kata mihimili yote miwili katikati."

Namba ile ndiyo gari lenyewe mbele ya serikali. Gari lisilo na namba ya chesisi halihamishiwi jina wala halipati bima. Ni vyuma tu. Cornel aliyajua hayo kama Loisi. Akasogea mbele kama wa kuzuia, Loisi akasimama kutoka kwenye tairi, na Cornel hakusogea tena.

Moto wa bluu ukalia. Kulikokuwa na chuma kizima kulichukua muda, kwenye kutu ulipita upesi kama kwenye karatasi. Mkonga ukajikunja katikati, boneti ikainama, na lile bomba la hewa likalegea likagonga kioo. Cornel aliondoka kabla kazi haijaisha, bahasha chini ya kwapa, akitukana. Batholomeo akampa Loisi kile kipande chenye namba, kikiwa cha moto bado, kimefungwa kwenye gunia bichi.

"Injini nzima, mama," akasema kwa upole ambao si kawaida yake. "Giaboksi nzima. Nitakuuzia, na safari hii nitawaambia watu zimetoka wapi. Hutapata nyingi, lakini hutatoka bure."

Loisi akaitikia kwa kichwa. Ndipo simu ikalia, Shangazi Zipora, kutoka hospitali.

"Mbukwenyi!" akasalimia Kigogo. "Wananiruhusu kesho. Cornel amekuja?"

"Amekuja. Ameondoka na hela zake."

"Na gari?"

"Nimelichinja, shangazi."

Zipora, pamoja na ule ulimi wake mkali, akauliza polepole, kama mtu anayemgusa mwenzake mahali anapojua pana kidonda.

"Sasa utaendesha nini, mwanangu?"

Loisi alitazama vile vyuma.

"Kesho nitakuja kukuchukua kwa basi," akasema. "Nitakushika bega tukipanda."